Barazani kwa Bi Mkubwa: Paka Saba, Punda Watatu na Mume Aliyenuna

Asalam alaikum wapenzi wasomaji. Mwezi huu mmeniandikia kama mliokubaliana, kila barua ina mnyama ndani na kila mnyama ana mke au mume aliyesimama nyuma yake kakunja uso. Nimechagua chache manake nyingi zinafanana. Wale mlioniandikia kuhusu kunguru sina la kuwaambia, kunguru si wenu, hamkumuoa wala hamkumfuga.

Bi Mkubwa shikamoo. Mi ni mke wa mtu hapa Mkomani, Lamu, mume wangu ni mvuvi, tuna miaka mitatu kwa ndoa na sasa nina mimba ya miezi minne, ya kwanza, alhamdulillah. Tatizo ni paka. Alikuja mmoja tu, alipita juu ya dari akashuka kwa kiwanda, ule ua wa ndani, mdogo kakonda mbavu zaonekana, nikampa kichwa cha tasi bas akakaa. Sasa wako saba manake alizaa, na mwanawe nae akazaa. Wallahi nawapenda, mume akienda bahari siku mbili tatu ndo wenzangu hawa, kuna mmoja wa rangi ya majivu ana alama nyeupe shingoni hulala miguuni kwangu na nikiamka swala ya alfajiri nae huamka. Mume anasema amechoka, akirudi usiku anakanyaga paka kwa ngazi, shuka zina nywele, halafu juzi alileta nguru mzuri nikawakatia paka kipande kabla yeye hajala, alinuna mpaka asubuhi. Tena mama mkwe kamwambia nywele za paka zikiingia tumboni mtoto huzaliwa na kasoro, so sa mume anasema mwezi hauishi atawatia wote kwa gunia awavushe awatupe kisiwani Manda. Nimelia mpaka macho yamefura. Ni kweli paka wanadhuru mimba? Na nifanyeje asiwatupe? *Mke wa mvuvi, Mkomani*

Marahaba mwanangu, na hongera, Mungu akujalie ujifungue salama.

Tuanze na nywele manake ndizo zilizowasha moto. Nywele ya paka ukiimeza inapita na chakula inatoka na chakula, kwa mtoto haifiki, mtoto hakai kwenye njia hiyo. Lakini mama mkwe usimcheke, kuna jambo la kweli alilisikia mahali likamfikia limepindika. Upo ugonjwa unaitwa toksoplasmosisi, unaletwa na kijidudu ambacho paka hukitoa kwa mavi, na mwanamke akikipata kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa na mimba kinaweza kumfikia mtoto, mimba ikaharibika au mtoto akaumia macho au ubongo. Kwa hivo hofu yake ina mzizi. Ila sikiza vile kinavyofanya kazi, hapa ndo wengi wanakosea. Paka hakitoi maisha yake yote, kwa kawaida anakitoa kwa wiki chache tu baada ya kukipata mara ya kwanza, na anakipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Na mavi yakitoka leo, leo hiyohiyo hayaambukizi, kijidudu kinahitaji siku moja mpaka tano hivi ndipo kiwe tayari kumwingia mtu. Umeona? Ule mchanga wanaojisaidia ukitolewa kila siku bila kukosa, hatari nyingi imeondoka nao.

Nani autoe? Si wewe. Mumeo akiwa nyumbani autoe yeye, akiwa bahari autoe mdogo wako au wifi yako, na siku hakuna mtu kabisa basi uvae glavu, utoe, uoshe mikono kwa sabuni mpaka viwiko. Na ujue kuna watu wengi wanakipata kijidudu hiki na paka hawana, wanakipata kwa nyama isiyoiva na mboga na matunda yasiyooshwa, kwa hivo ile mishikaki ya jioni ambayo katikati bado nyekundu waachie wenzio mpaka ujifungue. Ukienda kliniki ya wajawazito mwambie nesi kwamba unafuga paka, kipimo cha damu kipo, usione haya.

Sasa ya gunia. Mumeo ni Muislamu na mvuvi, mwambie kwa utaratibu tu, si kwa kilio, kuwa ile hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka anaijua tangu chuoni, alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Paka aliyezoea kichwa cha tasi kila adhuhuri ukimbwaga Manda atakunywa nini? Manda maji matamu ni shida mpaka leo, watu wa Takwa, ule mji wa kale, wenyewe walihama kule karne ya 17 wakaacha msikiti wao umesimama. Na hata akiwatupa hawa saba, darini kwenu wiki ijayo atashuka mwengine, huu ni mji wa paka mwanangu, watalii wanatoka kwao kuja kuwapiga picha wanasema wanafanana na wale waliochorwa kwenye makaburi ya Misri. Hutawamaliza kwa gunia.

Lakini saba ni wengi. Hapo niko na mumeo. Nyumba ya watu wawili na paka saba, na ukinyamaza mwakani watakuwa kumi na tano, manake paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, yaani yule unaemuona bado mtoto, mimba yake ni kama miezi miwili, na anaweza kupata nyengine hata kabla hawa wa kwanza hawajaacha ziwa. Dawa yake ni kuwafunga kizazi majike na kuwahasi madume, hakuna nyengine, si kuwafungia mlango wala kuwamwagia maji. Hapo kisiwani huduma hiyo ipo, na kuna nyakati madaktari wa wanyama wanafanya kampeni ya kuwafanyia wengi kwa pamoja, ulizia. Anza na majike wote, hata yule unaemuona mtoto. Dume lililohasiwa nalo linapunguza kukojoa kwenye kuta na kupigana usiku, so hata ule mkojo unaonuka ngazini utapungua na mumeo ataona faida kwa pua yake mwenyewe. Halafu wabaki wawili, haya watatu, wengine uwatafutie watu, maduka ya nafaka huko Langoni yanalia panya kila siku.

Sa nikwambie lile ambalo hukuniuliza. Barua yako nimeisoma mara mbili. Rangi ya paka nimeambiwa, alama ya shingoni nimeambiwa, anapolala na anapoamka nimeambiwa. Mumeo nimeambiwa anakanyaga na ananuna. Mtu kakesha kwa mashua, mikono imekatwa na mshipi, kaja na nguru ambae angemuuza kwa pesa nzuri kaamua aliwe kwake, na kipande cha kwanza anakiona kinaingia kinywani mwa paka. Mwanangu, hata mimi ningenuna. Yeye hakukasirikia paka. Mkatie yeye kwanza, kipande cha mgongo, ukae nae mpaka amalize, ndio mavichwa na mabaki yaende kiwandani. Hilo halina gharama na ningekuwa wewe ningelianza leo kabla ya yote.

Na chumbani wasiingie. Najua utalia tena kwa ajili ya yule wa majivu, lakini mtoto anakuja, na mume anaetaka kulala bila mkia usoni hajadai kikubwa. Funga mlango usiku, siku za mwanzo atakwaruza na kulia, ukifungua mara moja umekwisha, usifungue.

Mama mkwe mwende mwenyewe, usimtume mumeo. Beba mkate wa mofa na kitu cha kuchovya, mweleze hii habari ya mchanga na kwamba mumeo ndie atakaeutoa, atafurahi kusikia mwanawe anakulinda. Na mkumbushe kisa cha Abu Qatada na mkaza mwanawe Kabsha, alipomtilia mzee maji ya udhu akaja paka, mzee akakiinamisha chombo paka anywe mpaka atosheke, mkaza mwana akashangaa, akamwambia Mtume alisema paka si najisi, ni katika wanaowazungukia majumbani. Baba mkwe na mkaza mwana na paka, wote kwa kisa kimoja, utapata wapi kingine.

Salam Bi Mkubwa. Niko Malindi, Barani. Mume wangu alikuwa mtunza bustani kwa nyumba ya Mtaliano huko ufuoni, yule bwana kauza nyumba karudi kwao na mbwa kamwachia mume wangu, ati ni zawadi. Mbwa mwenyewe mkubwa, amezoea makaroni na nyama ya kopo, ugali ananusa anaondoka. Sisi tumepanga vyumba viwili kwa ploti ya watu, mimi naswali, nina mtoto wa miaka miwili, mume anamwingiza mbwa mpaka sebuleni juzi kalamba kikombe cha mtoto. Nikisema anasema mbona paka mnaingiza, na kwamba huyu mbwa ni msafi kuliko mimi, alikuwa anaogeshwa na shampuu. Majirani wameanza kununa. *Umi, Barani*

Mwanangu, hiyo ya "msafi kuliko mimi" tutairudia.

Kwanza kikombe. Kwa sisi tunaofuata Imam Shafi, na Pwani hii ndio wengi wetu, chombo alichoramba mbwa kinaoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo, halafu kinatumika, hakitupwi. Nguo au mguu ukiguswa na mbwa mkavu na wewe mkavu hakuna cha kuosha, tabu ni unyevu, mate na jasho, so usiwe unaruka ukutani kila akipita. Kufuga mbwa wa kulinda mifugo, shamba au wa kuwinda kumeruhusiwa kwenye hadithi, na masheikh wengi wamelinganisha na hapo mbwa wa kulinda nyumba. Ruhusa hiyo ni ya mbwa mwenye kazi na mwenye mahali pake nje. Wa sebuleni anaelala kwa kochi hana hiyo ruhusa, na mumeo anajua, ndo maana kakimbilia kwa paka. Paka ana hukumu yake na mbwa ana hukumu yake, mwambie asikuchanganyie.

Halafu kuna jambo ambalo naona nyote wawili mmelisahau kwa kugombania tohara. Huyu mbwa ana cheti cha chanjo? Mtaliano kama alikuwa akimuogesha na shampuu huenda alimchanja, basi mumeo atafute kile kitabu, kama hakipo ampeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa na arudie kila mwaka. Ploti ina watoto. Na jueni kabisa, mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa au paka asiejulikana ana chanjo, kidonda kinaoshwa hapohapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, si dakika moja, halafu mbio hospitali kwa sindano, na sindano zote mpaka ya mwisho. Si pilipili, si mafuta ya taa, si kungoja kuona kama mbwa atakufa. Kichaa cha mbwa dalili zikishaonekana kwa mtu karibu kila mara ni kifo, ila sindano za mapema zinazuia. Hili nalisema kwa herufi kubwa kama ningeweza.

Mumeo namuelewa lakini. Kapoteza kazi na mbwa ndio kilichobaki cha kazi ile, kila akimtazama anaona mshahara. Usimwambie "toa mbwa wako", mwambie tumtafutie mahali pake. Kama mwenye ploti anakubali, kibanda nje nyuma, chenye kivuli na maji, kamba ndefu au uzio, na malango ya sebuleni yasijue sura yake. Kama hakubali, Malindi nyumba za ufuoni zinazotaka mbwa mtulivu wa ulinzi ni nyingi, mumeo anawajua walinzi wenzake wote, na nani ajuae, mbwa akipata nyumba huenda na yeye akapatiwa bustani yake. Na ile simu ya Mtaliano anayo, ampigie amwambie mzee mbwa wako anakula, tuma pesa. Zawadi inayokula nyama ya kopo si zawadi hiyo.

Sasa "msafi kuliko mimi". Kabla hamjazungumza kibanda wala chanjo, hilo alifute. Mbele yako na ikiwezekana mbele ya mtu aliyelisikia.

Bi Mkubwa, paka wangu ana homa, hali chakula, mume anasema nimpe nusu ya panadol, nimpe? *Shela*

Usimpe! Usimpe hata robo. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo, inaharibu damu yake na ini, anakufa. Wala usimpake dawa ya kupe na viroboto iliyoandikwa ya mbwa au ya ng'ombe, nyingi zina permethrini na hiyo nayo ni sumu kwake. Mfunike, muwekee maji, mpeleke kwa daktari wa wanyama leo, na mumeo mwambie nia njema tumeiona.

Bi Mkubwa asalam alaikum. Mi ni mwanaume nafanya kazi ya punda hapa Lamu, nina punda watatu nabeba mchanga na mawe na simenti kutoka gatini mpaka kwa wajenzi. Mke wangu amenipa wiki moja nichague yeye au punda. Anasema mlango wetu unanuka, inzi wamejaa, usiku wakilia mtoto anashtuka. Na alisema neno liliniuma sana, ati punda ukiwafungua wanajua kurudi nyumbani wenyewe, wewe hujui. Punda ndio wanatulisha, nitawaacha vipi? *Langoni*

Waalaikum salam babangu. Hilo neno limekuuma manake ni la kweli, na mke aliyeweza kulitunga hilo hajachoka na wewe, aliyechoka hana nguvu za kutunga.

Anachotaka si punda waondoke. Hebu hesabu barua yako, kuna harufu, kuna inzi, kuna kelele, hayo yote ni mambo ya mahali wanapolala na samadi inayolala nao. Mlangoni kwa mtu kwenye kichochoro ambacho hata watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu si mahali pa punda watatu. Ungana na wenzako wa kazi mkodi kiwanja kule nyuma ya mji, mjenge banda la makuti, samadi izolewe kila asubuhi, wenye mashamba wanaitaka. Kama huwezi hilo mwezi huu, basi zoa wewe, asubuhi na jioni, kabla yeye hajaamka na kabla hujaingia ndani. Na ukiingia oga kwanza. Najua umechoka. Oga.

Kuhusu punda wenyewe, kulia usiku wakati mwengine ni njaa, kiu au maumivu. Watazame mgongoni, nyanyua sogi utazame chini yake, kidonda cha punda hujificha pale. Usiwafunge miguu kwa waya wala nailoni, inaingia nyamani. Na usiwaachie wajilishe jalalani mchana kutwa, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017 lakini taka za plastiki bado zipo tele na punda akizila zinamziba tumbo. Hapo Lamu hospitali ya punda mnayo tangu 1987, matibabu bure, miji mingapi ina bahati hiyo? Wapeleke wakatazamwe na kwato na meno, punda mzima anabeba vizuri na wewe unarudi mapema.

Halafu ile ya kurudi nyumbani. Mizigo inaisha saa kumi, we unafika saa tatu usiku, punda wameshafika zamani wako mlangoni wamesimama peke yao na mkeo ndio anawafungulia. Naotea tu, lakini naona nimeotea vizuri. Barza ya kahawa haina ubaya, ila siku mbili kwa wiki zinatosha, na zile siku nyengine uwe nyuma ya punda wako wanapoingia kichochoroni.

Shikamoo Bi Mkubwa, nafuga kuku wa kienyeji juu ya dari, nimenunua kwa pesa zangu za kushona. Mume kapata wageni kanichinjia temba wangu wa mayai bila kuniuliza, nikilalamika anasema mali ya mke ni ya mume. Tena sasa wengine wanakufa, wanapinda shingo na kuharisha kijani. *Fundi wa nguo, Lamu*

Marahaba. Mali ya mke ni ya mke, hilo halina mjadala kwa dini wala kwa sheria, mumeo aulize imamu yeyote. Anakulipa temba au thamani yake, na kama alikuwa anataga umwambie na mayai yake. Wageni wakija tena aseme mapema, wewe ndie uchague wa kuchinjwa, majogoo si yapo?

Hao wanaopinda shingo inaonekana ni kideri. Hakina tiba, kina chanjo tu, tone moja jichoni na unarudia kila miezi mitatu. Wagonjwa watenge, waliokufa wafukie shimo refu au wachome, usiwatupe baharini na usimuuzie mtu kwa bei ya haraka haraka, ndivyo kinavyohama mtaa. Muone afisa wa mifugo kabla hujaleta vifaranga wengine. Hiki kideri kitakumalizia kuku kuliko wageni wote wa mumeo.

Bi Mkubwa nisaidie haraka. Mume alirithi kasuku wa kijivu kwa marehemu babake. Mimi jikoni huwa naongea na dada yangu kwa simu nimeweka spika, tunaongea ya kina wifi, si unajua. Jumapili mawifi wamekuja wote watatu, wamekaa, chai imemiminwa, kasuku kwa sauti yangu mwenyewe kabisa akasema "hao ni wavivu na midomo mirefu". Akarudia. Mume alicheka mpaka akatoka nje. Mawifi hawajarudi. *Nimeaibika, Malindi*

Nimecheka na mimi, nisamehe.

Usijaribu kusema kasuku kasikia kwa jirani, sauti yako wanaijua. Nenda kwa mkubwa wao kwanza, peke yako, bila watoto, useme nilisema vibaya mnisamehe, usimtaje ndege. Ukimtaja ndege itakuwa kesi ya ndege na mtaanza upya. Hao wawili wengine mkubwa atawaambia.

Kasuku hasahau neno kwa kukaripiwa, ukimfokea atajua hilo ndo lenye raha zaidi. Akilisema mgeuzie kisogo, akisema salam au akipiga mluzi mpe karanga, na muhamishe jikoni, muweke ukumbini mnapokaa wote aokote maneno mengine. Hao huishi miaka 40 na zaidi, kwa hivo jizoeze kuizima hiyo spika.

Na kuna lililo zito kuliko mawifi. Kasuku wa kijivu wako kwenye orodha ya juu kabisa ya wanyama ambao biashara yao ya kimataifa imekatazwa, tangu 2017, na hapa Kenya kumweka nyumbani kunataka kibali cha KWS, lile shirika la wanyamapori. Marehemu mkwe huenda alikuwa nacho huenda hakuwa nacho, mtafute kwa makaratasi yake, kisipopatikana mumeo aende mwenyewe ofisini kwao aulize utaratibu kabla wao hawajaja kwenu. Akacheke huko.